Mwezi wa Ijumaa na Kinu Kitupu

Mchi unaotwanga nafaka hutoa sauti nzito na fupi. Nafaka yenyewe huimeza kabla haijafika mbali. Sauti niliyoisikia Jumapili ile alasiri, nikishuka kwenye bodaboda karibu na nyumba ya wakwe wa mdogo wangu pale Kwihara, haikuwa hiyo. Ilikuwa kavu na kali, mti ukigonga mti, na kila pigo liliacha mlio uliobaki hewani mpaka pigo lililofuata lilipoufuta. Kinu kilikuwa kitupu. Nililelewa Puge, katika nyumba ambamo mtoto aliyeonekana akitwanga kinu kitupu alinyang'anywa mchi papo hapo, kwa maelezo kwamba anaita njaa. Sidhani kama nimewahi kuyaamini maelezo hayo, lakini mwili hausubiri kuamini. Nilianza kutembea kuelekea uani nikiwa bado na kofia ngumu ya dereva kichwani, mpaka aliponiita niirudishe.

Mama mkwe wa mdogo wangu alikuwa amesimama katikati ya ua, bado amevaa kitenge cha misa. Alipiga mara tatu, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlangoni, akasogea upande wa pili wa kinu, akapiga tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, mwalimu. Sogea hapa usikie. Kinalia au kinakoroma?"

"Kinalia, nadhani."

"Nadhani hiyo ndiyo elimu ya chuo kikuu?" Alicheka kidogo, akaniegemezea mchi. "Kina ufa huku chini. Naogopa Ijumaa kisije kikanifia mkononi."

Ijumaa jioni mwezi ungepatwa. Katika nyumba ile, kama katika nyumba alikozaliwa yeye, mwezi ukipatwa wanawake hutwanga vinu vitupu na kugonga sufuria mpaka uachiwe. Kwa hiyo alikuwa akikijaribu kinu chake mapema, kama watu wanavyojaribu spika kabla ya harusi. Ningeweza kutabasamu na kupokea chai. Lakini mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, sinia la karanga limelala juu ya tumbo lake kama juu ya meza, na tangu nilipoingia hakuwa ameinua macho. Mdogo wangu ni mtu wa kupiga kelele akiniona. Nikatafuta begi la bluu ambalo lilipaswa kuwa limefungwa tayari. Sikuliona.

Mimba ile ilikuwa ya pili. Ya kwanza iliishia kwa upasuaji, baada ya usiku mzima wa uchungu na safari mbaya ya kwenda mjini. Safari hii nesi wa kliniki alikuwa amesema waziwazi, mbele yangu: mama huyu asisubiri uchungu nyumbani, zahanati haina chumba cha upasuaji, aje mjini mapema, alale kwa dada yake, karibu na hospitali. Tulikuwa tumekubaliana kwamba ningemchukua Jumatatu. Nilikuwa nimeshanunua chandarua cha kitanda cha pili.

"Mama, kesho nije saa ngapi?" niliuliza.

"Safari tumeisogeza," alisema Mama Mkwe, kama nitakavyomwita hapa.

"Mpaka baada ya Ijumaa?"

"Mpaka uandame mwingine."

Nilihesabu palepale. Mwezi hupatwa ukiwa mpevu tu, na kutoka mwezi mpevu hadi mwandamo ni siku kumi na tano, pengine kumi na sita. Tarehe ambayo nesi aliandika kwenye kadi ilikuwa ndani ya siku hizo, tena karibu na mwanzo wake kuliko mwisho.

"Ni nani aliyesema hivyo, mama?"

"Wewe," alisema. Hakukuwa na kejeli katika sauti yake. Aliingia ndani, akarudi na bahasha ya plastiki inayopitisha mwanga. Ndani yake mlikuwa na kadi ya kliniki ya mdogo wangu na, imekunjwa mara moja kwa uangalifu, karatasi yangu.

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili. Tasnifu yangu ilihusu namna wapagazi wa zamani, na vijiji vilivyowauzia chakula, walivyohesabu siku katika njia ya misafara iliyopita hapa Tabora: mafundo kwenye kamba, masoko, mwezi. Njia yenyewe leo ni ya vumbi ya kawaida. Hupita baiskeli za mkaa na ndoo za asali, na anayeipita hafikirii chochote. Nilikuwa nimerekodi wasimulizi kadhaa, nikaandika maneno yao, kisha nikafanya jambo ambalo nilijivunia kuliko yote: niliwarudishia. Nilichapa kurasa, nikaenda Kwihara, na katika ua uleule nikawasomea watu walichosema, ili wasahihishe kabla sijakipeleka chuoni. Nilidhani ndiyo heshima. Hawakusahihisha kitu. Waliguna, walitikisa vichwa, wakala michembe ya viazi vitamu, na mwishoni Mama Mkwe akaomba ukurasa mmoja. Nikampa, pamoja na barua ya utambulisho, ile yenye muhuri wa chuo.

Ukurasa ulikuwa na sentensi hii, ambayo niliweza kuisoma kupitia plastiki: *Mwezi ukipatwa, misafara haikuondoka mpaka mwezi mwingine uandame.*

Kosa la pili lilikuwa kwenye simu. Wiki moja kabla, katika kundi la familia, nilikuwa nimetangaza kwamba Ijumaa mwezi utapatwa, tangu unapochomoza hadi saa nne na nusu usiku. Niliandika aya nne. Katika aya ya nne nilieleza kwamba kupatwa huku ni kwa kivuli hafifu: kivuli cha dunia kina kiini cheusi na ukingo mwembamba unaozunguka kiini hicho, na Ijumaa mwezi ungeupitia ukingo tu, bila kugusa kiini, kiasi kwamba mtu asiyeambiwa asingejua kama kuna jambo. Hakuna mtu katika familia yangu anayefika aya ya nne. Mdogo wangu, ambaye ndiye humsomea mama mkwe wake ujumbe wa simu, alikuwa amemsomea ya kwanza.

Nilijaribu kueleza palepale. Niliomba tochi, nikachukua sahani na limau, nikalipitisha limau kwenye ukingo wa kivuli cha sahani ukutani. Mama Mkwe alitazama kwa makini kabisa, kama mtu anayeonyeshwa mashine anayofikiria kuinunua.

"Kwa hiyo utapatwa au hautapatwa?" aliuliza.

"Utapatwa, lakini—"

"Basi."

Baada ya *utapatwa*, hakuna aliyeihitaji *lakini* yangu. Na kuhusu karatasi sikusema neno, kwa sababu siku hiyo bado niliiamini. Nilichoweza kusema ni kwamba mila za wapagazi haziwahusu wajawazito. Akanijibu kwamba mjamzito naye amebeba mzigo, tena usioweza kutuliwa njiani. Jioni nilirudi mjini na begi la bluu limebaki Kwihara, sijui wapi.

Inabidi niseme kwa nini mtu wa umri wangu alishindwa kusimama uani akasema hapana. Mwezi mmoja kabla ya Jumapili ile, nilikuwa nimewasilisha kazi yangu mbele ya jopo la idara. Nilisema sentensi moja kwa kujiamini sana, na mmoja wa wanajopo, kwa upole, akauliza: "Una uhakika gani?" Nilifungua mdomo. Halikutoka neno. Nilisimama pale, projekta ikivuma, nikiziona sababu zangu zote zikiwa mbali, kama vitu vilivyo ng'ambo ya mto. Niliambiwa nirudi uwandani nikajiridhishe. Tangu siku hiyo sikuweza tena kutamka jambo bila kulizungushia *huenda*, *kwa kiasi fulani*, *kwa jinsi ninavyoelewa*. Niliacha kupiga simu. Maandishi hufutika kabla hayajatumwa. Neno la mdomo likitoka limetoka.

Kwa hiyo Jumatatu, siku ambayo mdogo wangu alipaswa kuwa anatandika kitanda chumbani kwangu, niliandika ujumbe wa sentensi kumi na moja kwa Mama Mkwe. Nikaufuta. Nikaandika wa sentensi sita. Nikaona kwamba ya tatu inaweza kueleweka kama dharau, nikaigeuza, ikawa dharau zaidi. Mwishowe nilimwandikia mdogo wangu nikamwomba amsomee. Alijibu baada ya muda:

"Dada mimi ndio namsomea simu yake. Unataka nimsomee kwamba mimi niondoke?"

Nilimwandikia mumewe, aliyekuwa Igunga na lori la mpunga. Alinirudishia ujumbe wa sauti, nyuma yake makuli wakipigiana kelele: "Shemeji, huku mvua imekata njia ya kuingia mashambani, lori limezama mpaka ekseli. Hayo ya mama ongea naye wewe. Mimi akinisikia ataniuliza nimesoma darasa la ngapi." Akacheka, ujumbe ukakatika.

Nilikuwa nimepanga chumba katika nyumba ya mjane mmoja wa familia ya Kiarabu iliyofanya biashara ya vitambaa pale mjini kwa vizazi kadhaa. Nilimwita Bi Mkubwa, naye alipenda kuitwa hivyo. Jumanne asubuhi alinikuta nikizunguka uani kwake, kutoka bombani hadi kwenye kamba ya nguo, kutoka kwenye kamba ya nguo hadi bombani.

"Unanipimia uwanja, mwanangu? Unataka kununua?"

Nilimweleza yote, pamoja na limau. Alikuwa akichambua mchele, na hakuacha kuchambua.

"Sisi Imamu ametwambia Ijumaa hakuna swala ya kupatwa," alisema. "Watu walimuuliza, maana na huku habari imezagaa. Akasema swala ile huswaliwa jicho likiona. Kalenda haiswalishi."

"Ndivyo ninavyotaka kumwambia mama. Hatauona ukibadilika. Yaani, huenda upande mmoja ukafifia kidogo, kwa mtu mwenye macho makali, kama anga haina mawingu, na kwa kiasi—"

"Umeshampoteza." Alitoa kijiwe kwenye mchele, akakirusha. "Umempigia?"

"Nimeandika."

"Nimekuuliza kuandika?"

"Nitampigia kesho."

"Kesho mimba inakusubiri wewe?"

Nilikwenda chumbani, nikaandika kwenye daftari kile nitakachosema, kwa pointi. Pointi ya kwanza ilikuwa salamu. Pointi ya pili ilikuwa na vipengele vidogo vinne. Nikafikiria kila jibu ambalo Mama Mkwe angeweza kunipa, na jibu langu kwa kila jibu, mpaka ukurasa ukafanana na mti wenye matawi mengi kuliko majani. Katika kila tawi kulikuwa na mahali anaponyanyua bahasha ya plastiki na kusema: *wewe ndiye uliyeandika.* Hapo daftari lilikuwa likiishia.

Ndiyo maana Jumatano nilirudi kwenye rekodi. Nilijiambia kwamba nataka nukuu kamili ya kujitetea nayo. Msimulizi wa ile habari ya mwezi alikuwa fundi baiskeli pale Kwihara, mzee mcheshi ambaye hakukubali kuacha kazi ili nimhoji. Nilimrekodi akiwa amechuchumaa, mpira wa ndani wa tairi kwenye beseni la maji, akitafuta tundu. Nilivaa visikilizio. Nilisikia sauti yangu, changa na yenye uhakika, sauti ya kabla ya jopo:

"Na mwezi ukipatwa je, babu?"

"Ukipatwa hawatoki. Ng'o. Wanakaa mpaka uandame mwingine."

Kisha ikafuata sehemu ambayo katika maandishi yangu niliiweka ndani ya mabano: *kelele za karakana*. Nakumbuka nilivyoandika mabano yale. Ilikuwa jioni, nimechoka, pampu ilikuwa ikipigwa, mteja alikuwa akiuliza kama tairi limekamilika, na nilidhani yaliyofuata ni mazungumzo yao. Jumatano niliongeza sauti hadi mwisho. Chini ya pampu, fundi alikuwa bado anaongea na mimi.

"Si unajua wapagazi walivyokuwa wajanja. Ule msafara wa babu yangu ulifika kijiji kina pombe ya mtama, imeiva, na watu wakarimu. Kiongozi wao wiki nzima anatafuta sababu ya kutoondoka. Leo mguu, kesho mvua. Mwezi ukamwonea huruma, ukapatwa." Hapo alianza kucheka, na mteja naye akacheka, na pampu ikasimama kwa sababu mtu aliyekuwa akiipiga alikuwa anacheka pia. "Siku kumi na tano, binti. Mpaka mtungi ukakauka. Mwezi mwingine uliokuja ukapatwa wakiwa hawana kitu, walitembea chini yake hivyohivyo."

Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Kisha tena. Ulikuwa msafara mmoja, mara moja, kwa sababu ya pombe. Na mwezi uliofuata kupatwa haukumzuia mtu. Mimi nilikuwa nimekiondoa kicheko, nikauondoa mtungi, nikaufanya msafara mmoja kuwa misafara yote, nikauchapa, nikauambatanisha na muhuri. Kisha nilikuwa nimeyasoma hayo mbele ya watu. Fundi mwenyewe hakuwepo siku ya kusoma. Alikuwa amekwenda msibani. Waliokuwepo hawakuwa na sababu ya kunisahihisha: walidhani mambo ya wapagazi nimeyajua mimi.

Ningependa kuandika kwamba niliinua simu palepale. Ukweli ni kwamba nilikaa kitandani nikafikiria sura yangu ya tatu. Sura ya tatu yote, ile ambayo niliipeleka mbele ya jopo, ilisimama juu ya sentensi ile. Mwanajopo aliponiuliza nina uhakika gani, ni hiyo aliyoiulizia. Kumpigia Mama Mkwe na kumweleza kosa kulikuwa sawa na kulikubali pia mahali pengine, kwa barua, mbele ya watu ambao tayari walikuwa wameniona nimesimama bila neno. Nilijiambia nitapiga asubuhi nikiwa na akili iliyotulia. Usiku sikulala vizuri. Asubuhi ya Alhamisi akili haikuwa imetulia, nikasema basi adhuhuri. Adhuhuri nikasema watakuwa wanakula. Nilifagia chumba. Nilitoa chandarua cha kitanda cha pili kwenye mfuko wake, nikakifunga, nikaona kamba moja ni fupi, nikakifungua. Kila niliposimama karibu na dirisha niliona anga ni safi, mvua imeisha kweli, na nilianza kufikiria mawingu, kama yatakuwepo kesho, na kama yakiwepo Mama Mkwe atadhani mwezi umemezwa kabisa.

Alasiri, adhana ikiwa imetoka kuisha, simu ilitoa mlio mfupi. Alikuwa mdogo wangu.

"Dada, mgongo unauma unaacha, unauma unaacha. Labda nililala vibaya. Usimwambie mama, atadhani nimetunga ili niondoke."

Nilimuuliza tangu lini. Alijibu: "Alfajiri." Nilimuuliza unaacha kwa muda gani. Hakujibu hilo. Nilisimama nimeishika simu, nikijua kwamba ukimya wake una maana moja au una maana nyingine, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya jopo nikaona wazi kwamba kuchambua maana hizo si kazi ya maana. Nilitoka uani. Bi Mkubwa alikuwa ametandika mkeka apate kupumzika. Aliniangalia usoni, akajisogeza. Sikuchukua daftari.

Simu iliita mara nne.

"Haloo." Nyuma yake kulikuwa na kuku, na redio ya jirani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, mama. Dada yake mkweo."

"Ee, mwalimu. Leo umepiga. Siku zote unatuletea maandishi, utadhani serikali."

"Mama, ile karatasi yangu unayo?"

"Ipo kwenye bahasha na kadi. Unaitaka?"

"Nilikosea kuiandika."

Redio ya jirani iliendelea. Nilimsikia akisogea mahali penye utulivu zaidi. Kandambili zake zilikwaruza sakafu.

"Wapi?"

"Pale penye mwezi. Mzee alisema msafara mmoja tu ndio uliokaa, na walikaa kwa sababu walipata pombe ya mtama. Mwezi ulipopatwa mara nyingine walitembea. Mimi nikaandika kwamba ni desturi ya misafara yote. Alikuwa anacheka, mama. Sikukiandika kicheko."

"Fundi baiskeli?" aliuliza.

"Ndiye."

"Na habari ya pombe." Alitoa pumzi puani, karibu iwe kicheko. "Ningejua ni yeye ningekuuliza siku ileile. Kwenye karatasi uliandika *msimulizi wa kiume*. Mimi nikadhani ni mtu."

"Nisamehe, mama."

"Na kesho je? Kinu nimeshakitia gundi."

"Kesho mwezi utapita pembeni mwa kivuli. Ukitoka uani utauona mweupe kama siku zote. Kinu hakitakuwa na kazi."

"Una uhakika?"

Maneno yalikuwa yaleyale, isipokuwa kwamba yeye hakuyasema kwa upole. Nilizisikia *huenda* zangu zote zikijipanga kooni. Bi Mkubwa alikuwa ameshika ncha ya mkeka.

"Nina uhakika wa mwezi," nilisema. "Na nina uhakika kwamba nilikosea. Nisicho na uhakika nacho ni mgongo."

"Mgongo gani?"

Mdogo wangu alikuwa ameniomba. Nililifikiria hilo, na nadhani ndilo jambo la mwisho nililolifikiria siku hiyo.

"Unamuuma tangu alfajiri, mama. Unauma, unaacha. Ameniambia nisikuambie."

Nilisikia sauti yake ikigeukia upande wa pili, kubwa, bila ukali: "Wewe, njoo hapa. Njoo, usiinue hilo beseni. Tangu lini?" Na kwa mbali, sauti ya mdogo wangu ikisema jambo fupi. Kisha sauti yake tena, fupi, lakini safari hii haikuwa neno, ilikuwa mguno.

Mama Mkwe alirudi kwenye simu. Alikuwa akihema kama mtu ambaye tayari anatembea.

"Ungeanza na hilo, mwalimu," alisema. "Mwezi ungesubiri."

"Ndiyo, mama."

"Lile begi nililificha mimi, liko chini ya kitanda changu. Nenda hospitali utusubiri mlangoni. Waambie anakuja mwenye mshono. Sema hivyohivyo, mshono, usiwaletee limau."

"Ndiyo, mama."

"Usikate."

Nilisikia simu ikiwekwa juu ya kitu cha mti, kitupu, bila shaka kinu, kwa sababu kila sauti ya ua ule ilianza kunifikia ikiwa na mwangwi: kandambili zikienda na kurudi, mlango, mdogo wangu akilalamika kwamba anaweza kutembea mwenyewe, na Mama Mkwe akimwita kwa jina dereva wa bajaji wa upande wa pili wa barabara, mara moja, kisha mara ya pili, kisha dereva akiitika. Bi Mkubwa alikuwa ameshaniwekea viatu miguuni. Nilitoka getini nikiwa bado nimeishika simu sikioni, sijakata.